Kreti Tupu za Bwana Nasibu

Mwanahawa Mwinjuma hakuwahi kuonja bia tangu azaliwe, na pengine ndiyo sababu mkuu wake wa kitengo cha ukaguzi wa bei alimkabidhi kesi ya bia. "Wewe huwezi kuhongwa kwa chupa mbili," alimwambia, akicheka peke yake. Mwanahawa hakucheka. Alichukua jalada, akalisoma mara mbili kutoka ukurasa wa kwanza hadi muhuri wa mwisho, kisha akaanza kujikuna sikio kwa kalamu. Waliomfahamu walijua maana yake: kuna jambo lilikuwa limekataa kukaa sawa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bei ya bia ilikuwa imepanda mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Wanywaji wakanung'unika, kisha wakafanya lile ambalo wanywaji hufanya mfuko ukikataa: wakahamia kwenye gongo, pombe haramu ya kienyeji. Vijiji viwili vya milimani vikazika watu watano kwa wiki moja. Hapo ndipo serikali iliposhtuka ikatangaza bei elekezi: chupa kubwa ya bia shilingi elfu mbili, asiyetaka afunge duka. Matangazo yakabandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya baa. Na bei ilipokwisha kushuka kwenye karatasi, bia yenyewe ikatoweka madukani. Mji mzima wa Morogoro ukawa unaulizana imekwenda wapi.

Isipokuwa Matombo, huko milimani. Kule, kwenye grosari ndogo karibu na misheni, mjane mmoja aitwaye Anastasia alikamatwa na kreti kumi na nne, akiuza chupa kwa elfu mbili na mia nane mchana kweupe. Kamati ya leseni ingekaa Ijumaa saa tatu asubuhi, na mkuu wa kitengo alikwisha kusema anataka mtu wa kuwafunzia wengine adabu. Mtu alikuwa amepatikana. Anastasia angenyang'anywa leseni, grosari ingefungwa, na binti zake wawili waliokuwa chuo cha ualimu wangekosa ada, wakarudi nyumbani kulima.

Kilichomkunisha Mwanahawa sikio kilikuwa mstari mmoja kwenye maelezo ya mtuhumiwa. Alipoulizwa bia ameipata wapi, Anastasia alijibu kwa maneno mawili tu: "Andika nimekosa."

Kwa miaka minane Mwanahawa alikuwa amekagua wauza sukari, wauza saruji na wauza mafuta ya kula. Kila mmoja alikuwa na kisingizio, na wengine walikuwa navyo vitatu, kimoja cha akiba. Hakuwahi kukutana na mfanyabiashara asiye na hata kimoja. Mtu wa namna hiyo anamficha mtu. Ilikuwa Jumatano, na alikuwa na siku mbili za kumjua huyo mtu.

Alianzia kwa wakala mkuu wa bia mjini, Bwana Nasibu, mtu wa makamo aliyehamia Morogoro miaka sita nyuma na kunawiri upesi. Mwanahawa alisindikizwa na Sajenti Deogratias, askari mzaliwa wa Matombo, ambaye yeye bia alikuwa ameionja, na aliichukulia kesi hii kwa uchungu wa mtu aliyefiwa.

"Karibu, mkaguzi," alisema Bwana Nasibu. "Soda?"

"Asante, nimeshakunywa chai. Mzigo wa mwisho ulipokea lini?"

"Kabla ya tangazo. Wiki tatu sasa. Nikauza wote ndani ya siku tatu, na risiti hizi hapa. Tangu siku hiyo lori la kiwanda sijaliona."

"Anastasia wa Matombo ni mteja wako?"

"Alikuwa. Safari hii hakununua kwangu."

"Sasa unadhani nani amemuuzia?"

Bwana Nasibu akatabasamu. "Mimi si mpelelezi, dada yangu. Lakini ningekuwa wewe, ningekwenda Dumila. Malori yote ya Dodoma yanasimama pale. Wajanja wanashusha vitu pale, ninyi mmekaa ofisini."

Akawafungulia ghala bila kuombwa mara ya pili. Lilikuwa tupu, limefagiliwa. Akawafungulia na mlango wa uani. Kulikuwa na kuku watatu wakiparura ardhi, na Kanta ya rangi ya bluu, gari dogo la mizigo, ambayo bodi yake ilikuwa imejaa majani makavu ya migomba.

"Unauza na ndizi?" aliuliza Mwanahawa.

"Aa, dereva wangu huyo. Hawezi kupita milimani bila mkungu."

Mwanahawa akaandika kwenye daftari lake: ghala tupu, uani kuku watatu, Kanta, majani. Alikuwa na tabia ya kuandika hata kisichomhusu, kwa sababu aliwahi kuaibika kwa kukosa kuandika.

Dumila walifika saa tisa alasiri. Walipita kwenye matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu, wakaingia baa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Majokofu yote yalikuwa na maji na soda. Wauzaji waliwatazama kwa huruma, maana walidhani ni wateja. Baa ya nne, mwenyewe Happiness, dada mwenye sauti ya kukaripia, ilikuwa na chupa sita za bia, na bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa elfu mbili kamili.

"Hizi umezipata wapi?"

"Ni za zamani. Namfichia mwenyekiti wa mtaa, ila leo kasafiri."

Hapakuwa na wajanja wala cha kushushwa. Bwana Nasibu alikuwa amewatembeza juani kilomita sitini na kitu ili wale vumbi. Mwanahawa alihisi hasira ikimpanda, akaimeza kwa maji ya chupa. Sajenti Deogratias, aliyekuwa amemaliza zamu yake, aliona asirudi mikono mitupu.

"Nifungie moja, niende nayo nyumbani."

"Chupa iko wapi?" Happiness aliuliza.

"Chupa gani? Nakupa hela."

"Hela naiona. Chupa tupu iko wapi? Wakala hanipi kreti ya bia mpaka nimpe kreti ya chupa tupu. Ukiondoka na chupa yangu, kesho nitanunulia nini? Kaa hapo, unywe, chupa uniachie."

Mwanahawa alikuwa ameshageuka kutoka. Akarudi.

"Dada, hebu nifundishe, mimi mgeni wa mambo haya. Wakala akishachukua tupu zenu, anazipeleka wapi?"

Happiness alimtazama ushungi wake, akaona kweli mgeni. "Anazipanga uani kwake, anasubiri lori la kiwanda. Lori likija, linashusha zilizojaa, linapakia tupu, linaondoka. Ndiyo biashara ya bia hiyo."

"Na lori lisipokuja?"

"Lisipokuja zinalundikana. Mwaka juzi barabara ilikatika kwa mvua, wakala wetu hapa alikosa hata pa kuanikia nguo."

Mwanahawa alikaa kwenye kiti cha plastiki. Sajenti alikuwa ameshafunguliwa bia yake, na ikabidi ainywe haraka kuliko alivyopenda, kwa sababu mkaguzi alianza kumhoji yeye.

"Deo, Nasibu kasema mzigo wa mwisho kauza wote wiki tatu zilizopita."

"Ndiyo."

"Kila aliyenunua alimwachia tupu?"

"Lazima. Hata angekuwa baba yake."

"Na lori la kiwanda halijarudi tangu siku hiyo. Kwa hiyo uani kwake tulipaswa kukuta nini?"

Sajenti akashusha chupa. "Kreti tupu mpaka juu ya ukuta."

"Tulikuta nini?"

"Kuku." Akapiga meza kwa kiganja. "Kuku watatu, tena wanaparura! Lori lilikuja, dada Mwanahawa!"

"Lilikuja, likabeba tupu zake zote. Na lori la kiwanda haliji kubeba tupu bila kushusha zilizojaa."

Alipiga simu kiwandani palepale, akajitambulisha, akasubiri dakika ishirini huku akisikiliza muziki wa kwenye simu. Karani wa mizigo akarudi na jibu. Siku ya nne baada ya tangazo la bei, Bwana Nasibu alipokea kreti mia tano, na namba za mzigo pamoja na saini yake zilikuwepo. Njia ya mwongo fupi, wazee walishasema, ila wakati mwingine inapitia Dumila.

Lakini Mwanahawa hakuwa mtu wa kushangilia mapema. Uongo wa Nasibu peke yake haukumwokoa Anastasia. Kesho Nasibu angeweza kusema alisahau tarehe, kwamba na mzigo huo aliuza, na wakili wake angemsaidia kusahau mengine. Zilitakiwa kreti zenyewe, na njia kutoka kwenye kreti hizo hadi grosari ya Matombo. Wakiwa njiani kurudi mjini alifungua daftari akasoma alichoandika asubuhi.

"Deo, kwenu mkipandisha kreti za bia mlimani, mnazifungaje?"

"Tunatandika majani makavu ya migomba, chini na katikati. Barabara ile bila majani unafikisha vigae." Sajenti akaguna. "Ile Kanta! Dereva na mkungu wake!"

"Tutaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema Mwanahawa.

Barabara ya Matombo iliwatikisa mpaka meno yakawauma. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na wanawake wakishuka na matenga ya machungwa na mdalasini kichwani kwa mwendo ambao gari lao halikuuweza. Grosari ya Anastasia ilikuwa na viti sita, picha ya Bikira Maria juu ya jokofu lililozimwa, na tangazo la bei elekezi mlangoni. Mwenyewe alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kufunga?"

"Nimekuja kuuliza. Zile kreti kumi na nne ulizileta kwa gari gani?"

"Nilishasema nimekosa."

"Hilo nimelisoma. Sikuulizi kosa, nakuuliza gari."

Anastasia akaendelea kufagia.

"Majirani zako tuliowauliza njiani wanasema hakuna gari lililosimama hapa mwezi mzima," alisema Mwanahawa. "Bodaboda haiwezi kubeba kreti kwa mlima huu. Basi zililetwa kichwani, moja moja. Na mzigo wa kichwani mara kumi na nne, mama, hautoki mbali."

Ufagio ukasimama. Kwa kitambo kidogo tu, macho ya Anastasia yakaenda kwenye migomba iliyokuwa nyuma ya grosari, yakarudi chini. Mwanahawa alizunguka nyuma, akakuta njia nyembamba iliyokanyagwa upya, majani yake yamelala, na Sajenti akamfuata.

Njia iliwafikisha kwenye stoo ya matofali yenye paa la bati, aina ambayo watu wa pale huhifadhia ndizi zikisubiri soko. Mlango ulikuwa wa zamani na kufuli lilikuwa jipya, linang'aa. Kando ya mlango, kwenye kigoda, alikaa mzee mwenye mvi na rozari shingoni. Sajenti alimtambua, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee Andrea."

"Marahaba, Deo. Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee." Sajenti akamnong'oneza Mwanahawa, "Mjomba wake Anastasia huyu."

"Shikamoo, mzee," Mwanahawa alisema. "Stoo hii ya nani?"

"Yangu."

"Ndani kuna nini?"

"Mali ya mpangaji. Mtu wa mjini." Mzee Andrea akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaishika kwa heshima kama cheti cha ubatizo. "Makubaliano haya hapa. Mali ya mtu siwezi kuifungua. Mkitaka, leteni karatasi ya hakimu."

Mwanahawa aliisoma. Mpangaji: Nasibu. Mwenye nyumba: Andrea. Sajenti akamvuta pembeni.

"Hati ya upekuzi hatuipati kabla ya Jumatatu. Na Jumatatu tutakuta ndizi humu."

"Najua."

"Na kamati ni kesho."

"Deo, najua."

Alisoma karatasi mara ya pili, na kalamu ikapanda sikioni. Mwanahawa alizaliwa na kukulia mjini, lakini alikuwa Mluguru kwa mama na kwa baba. Aliwahi kuona shamba la bibi yake likigawanywa kule mlimani: wajomba ndio waliosimama wakasema, na mama zake ndio waliopewa. Kwa Waluguru ardhi na nyumba hufuata tumbo la mama. Mjomba husimamia, huamua ugomvi, huongea mbele za watu, na mgeni akipita humwona yeye akadhani ndiye mwenye mali. Bwana Nasibu, kwa miaka sita yote aliyokaa Morogoro akiwauzia Waluguru bia, hakuwahi kuwauliza nyumba zao ni za nani. Alimwona mzee anayeamkiwa na kila mtu, akaandikiana naye.

"Mzee wangu," alisema Mwanahawa kwa upole, "stoo hii uliijenga wewe?"

"Aliijenga dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Marehemu."

"Aliacha mtoto wa kike?"

Mzee Andrea akainua macho. Anastasia alikuwa amekuja taratibu kupitia kwenye migomba na kusimama nyuma yao, ufagio bado mkononi.

Mwanahawa akamsogelea. Sasa aliona kisa chote, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano udadisi wake ulimtia uchungu.

"Mama, agizo la bei linasema hivi: muuzaji akimwonyesha aliyemuuzia kwa bei haramu, leseni yake haiguswi. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Chupa moja mjomba alikupa kwa bei gani?"

Anastasia alijibu kwa sauti ndogo, "Elfu mbili na mia tano. Alisema ndivyo alivyoagizwa na mwenye mzigo."

"Na ulipokamatwa?"

"Alinifuata kituoni na uji. Akasema, mwanangu, usitaje, nimeshazeeka, siwezi jela. Leseni utaomba nyingine." Anastasia alifuta jasho kwa khanga. "Baba yangu alirudi kwao nikiwa na miaka minne, sikumwona tena. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali. Mume wangu alipokufa, huyu ndiye aliyesimama kaburini kwa niaba yangu. Nimtaje kwa nani, mwanangu? Kwako wewe, nisiyekujua?"

"Usimtaje. Nakuuliza la nyumba tu. Stoo hii ya nani?"

"Anastasia," alisema Mzee Andrea kutoka kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Waambie."

Anastasia alimtazama mjomba wake kwa muda mrefu. Sajenti Deogratias, ambaye mama yake na Anastasia walisali kanisa moja, aligeuza uso akaangalia milima.

"Ni ya mama yangu," alisema Anastasia. "Na mama hayupo. Ni yangu na mabinti zangu."

"Unaturuhusu tufungue?"

Anastasia aliegemeza ufagio kwenye mgomba, akaenda mpaka kwenye kigoda, akanyoosha mkono.

"Mjomba, ufunguo."

"Mwanangu, unanipeleka jela kwa mkono wako."

"Mimi nililala mahabusu siku mbili, Mjomba. Ulijua, ukaniletea uji. Ungeniletea ufunguo niamue mwenyewe, ningeutupa mtoni hata wasiujue. Uliniletea uji. Kesho wanangu wanafukuzwa chuo. Nipe."

Mzee Andrea alihangaika na kifungo cha mfuko wa shati. Akashindwa, na Anastasia akainama akamfungulia, akautoa ufunguo.

Mlango ulipofunguka, harufu ya majani makavu ya migomba iliwapiga usoni. Kreti zilipangwa kutoka sakafuni hadi kwenye bati, zimejaa, na kati ya kila safu kulikuwa na majani. Sajenti Deogratias alipiga mluzi, kisha akakumbuka kazi, akatoa simu kuita gari la kituo na kuomba Bwana Nasibu azuiwe asitoke mjini. Mwanahawa aliingia ndani, akasoma namba za mzigo kwenye kreti tatu, akazilinganisha na alizotajiwa na karani wa kiwanda. Zilikuwa zile zile. Alihisi furaha ya kazi iliyokamilika, furaha ya kweli, na ikadumu mpaka alipotoka nje.

Anastasia alikuwa amekaa chini, kwenye kizingiti, kando ya kigoda cha mjomba wake.

"Mama, karatasi hii ya kreti tulizozikuta uje nayo kesho saa tatu kwenye kamati," Mwanahawa alimwambia. "Leseni yako iko salama. Unaweza kwenda nyumbani."

"Nashukuru. Naomba gari likija nipande na mjomba."

"Si lazima. Wewe ni shahidi, hushitakiwi."

"Nimeelewa." Anastasia alikunja khanga yake magotini. "Lakini hajui kusoma, mwanangu. Ile karatasi ya Nasibu alisomewa na Nasibu mwenyewe. Huko kituoni mkimwekea nyingine atie dole, nataka niwepo nimsomee mimi, neno kwa neno."

Mzee Andrea alisogeza kigoda kando, ili mpwa wake apate kuegemea ukuta.